Kompresa ni kidole: ninavyoishika sauti ukumbini

Kabla sijagusa kompresa, kifaa kinachoshusha sauti chenyewe ikizidi, niligusa feda, kile kitufe cha kuteleza cha kupandisha na kushusha sauti. Nilikuwa kijana wa kubeba nyaya Tanga, na fundi mitambo aliyenilea alikuwa na mikseri ya chaneli 12 isiyo na chochote cha ziada ila mwangwi. Kazi zetu nyingi zilikuwa harusi za taarabu. Mwimbaji akianza ubeti anaimba chini chini, maiki kaishusha kifuani. Wanawake wakianza kuinuka kwenda kumtunza, maiki inapanda hadi mdomoni na koo linaachiwa. Maiki ikitoka sentimita 20 kuja sentimita 5, hiyo peke yake ni kama desibeli 12, hata kabla hajaongeza pumzi. Na desibeli 12 maana yake ampu inadaiwa nguvu mara 16. Usiku kucha fundi wangu hakuondoa kidole kwenye feda ya yule bibi. Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani, kwa hiyo kidole kilianza kuteremka nusu sekunde kabla sauti haijapanda. Ukimsemesha wakati huo hajibu, hata kama unamwambia pilau imefika.

Kompresa ni kidole kile. Vijana wanaokuja kwangu huniuliza namba: "Kaka, kwaya unaweka ngapi?" Namba nitazitaja, lakini ukizijua namba bila kukijua kidole, siku mwimbaji akibadilika umepotea. Kidole kina maswali manne. Kianze kushusha sauti ikifika wapi? Hicho ni kizingiti, wenyewe tunasema treshodi. Kilichovuka kizingiti kikandamizwe kiasi gani? Huo ni uwiano, reshio. Kishuke upesi au polepole? Ataki. Sauti ikitulia, kirudi juu upesi au polepole? Rilizi.

Ila kuna tofauti moja ambayo usiisahau: fundi wangu aliujua wimbo, kompresa haiujui. Yenyewe husubiri sauti ivuke, ndipo ishtuke. Mengi yanayokera kwenye kompresa ni ya kushtuka mapema mno au kuchelewa kuachia.

Hesabu yake ni nyepesi. Weka kizingiti desibeli -20. Mwimbaji akipanda hadi -8, amevuka kwa desibeli 12. Uwiano wa 2:1 unampitishia nusu ya alichovuka, yaani 6, anatoka na -14. Uwiano wa 4:1 unampitishia robo, yaani 3, anatoka na -17, na desibeli 9 zimeliwa njiani. Aliye chini ya -20 haguswi kabisa. Hizo 9 zilizoliwa utaziona kwenye mita ya punguzo, ile ambayo taa zake hushuka badala ya kupanda. Mimi huitazama mita hiyo kuliko ninavyotazama vitufe vyenyewe, kwa sababu kitufe kinakuambia ulichokusudia tu, na mita inakuambia kinachotokea.

Geini kwanza

Nimeshaitwa kwenye kumbi kadhaa kwa malalamiko kwamba "kompresa inakwaruza". Ukifika unakuta taa nyekundu ya geini, kile kitufe cha kukuza sauti inapoingia, inawaka juu kabisa ya chaneli. Sauti iliyokatwa kichwa pale mlangoni haioti kichwa kingine mbele ya safari. Kompresa itakuletea ileile iliyokatwa, ikiwa imepunguzwa.

Kwa hiyo zima kompresa zote, anza na geini. Na usikubali ile "heloo, moja mbili, moja mbili". Hakuna anayeimba hivyo. Mwambie aimbe kipande chake kikali kuliko vyote, amesimama kama atakavyosimama, kashika maiki kama atakavyoshika. Wapo wanaokamata maiki kwa kuziba wavu wake na kiganja kizima, na hao ni bora uwagundue saa kumi jioni kuliko saa tano usiku. Kwenye mikseri ya kidijitali naacha wastani uelee karibu na -18 na vilele visipite -6. Kisha bado napunguza geini kidogo, kwa sababu mtu akishaona watu na noti zinaanza kumwagika, ataimba kwa nguvu kuliko alivyoimba mbele ya viti vitupu.

Kuseti kwa kuzidisha

Kosa la wengi ni kuanza taratibu, kompresa ikila desibeli 2 au 3, halafu wanazungusha ataki na kusema hawasikii tofauti. Hata mimi sisikii. Anza kwa kuiharibu sauti makusudi.

Peleka uwiano hadi 10:1. Shusha kizingiti mpaka mita ya punguzo ionyeshe desibeli 15 hivi. Ataki na rilizi ziwe za upesi kabisa. Sauti itakuwa imebanwa kama mtu aliyejifunika blanketi. Sasa gusa ataki peke yake, uirefushe polepole. Utafika mahali ambapo konsonanti zinarudi: ile "k" ya "kweli", "t" ya "tamu". Kwa sauti ya mtu mara nyingi napakuta kati ya milisekunde 5 na 15. Ukizidi hapo, mwanzo wa kila neno unakupiga usoni kabla kompresa haijashtuka.

Halafu rilizi. Irefushe mpaka sauti iache kutetema na ianze kupumua na wimbo. Rilizi fupi mno inazivuta juu pumzi za mwimbaji, kelele za ukumbi na vijiko vya meza ya mbele kila akinyamaza. Ndefu mno, anaimba neno moja kali na maneno matatu ya upole yanayofuata yanazama, kwa kuwa kidole bado kiko chini. Milisekunde 80 hadi 150 ni pa kuanzia. Taarabu ya polepole naipa zaidi, singeli naipa pungufu.

Hapo ndipo unarudisha uwiano kwenye ubinadamu, 3:1 au 4:1 kwa mwimbaji, na kupandisha kizingiti mpaka mita ionyeshe desibeli 4 hadi 6 zikiliwa anapoachia koo na isionyeshe kitu anapoimba chini. Mita isiyorudi sifuri hata mara moja kwenye ubeti mzima inamaanisha umemkalia mwimbaji kichwani.

Mwisho, baipasi, kitufe cha kuipitisha sauti bila kompresa. Iwashe, izime, huku ukilinganisha ukali wa sauti kwanza. Sikio linapenda kilicho juu. Ukiongeza geini ya kufidia desibeli 6 halafu ukalinganisha na sauti isiyoongezwa, utaapa kwamba kompresa imefanya muujiza, kumbe umepandisha volyumu tu. Nilidanganyika hivyo karibu mwaka mzima nilipopata kompresa yangu ya kwanza, dbx 266XL.

Mluzi unatoka wapi

Hiyo geini ya kufidia inastahili onyo la peke yake, hasa kwa anayejifunza kwa video za watu wa studio. Studio haina spika inayotazamana na maiki. Ukumbi unazo.

Fikiri hivi. Kompresa inamshusha mwimbaji desibeli 6 anapopaza. Wewe unaongeza 6 ili kufidia. Anapopaza, mambo ni sawasawa na mwanzo. Lakini anaponyamaza, kompresa imeachia, na zile 6 zako bado zipo. Maiki imekuwa kali kwa desibeli 6 kuliko ilivyokuwa, wakati huohuo ambapo hakuna sauti ya kuuficha mluzi. Ndiyo maana spika huanza kulia katikati ya nyimbo, pale mwimbaji anapompisha mpiga kinanda. Ukumbini mimi hufidia nusu au sifidii kabisa. Nikihitaji zaidi, naipandisha kwa feda, kwa mkono, nikiangalia.

Na monita za jukwaani, zile spika zinazomtazama mwimbaji ajisikie, usizipe sauti iliyobanwa. Mwimbaji akijisikia amebanwa anadhani hasikiki, anaongeza nguvu, kompresa inambana zaidi, anaongeza tena. Kufika nyimbo ya tatu amekauka koo na lawama ni zako. Kwenye mikseri ya kidijitali kama X32, chagua njia ya monita ichukuliwe kabla ya kompresa. Ni kazi ya dakika moja na sijui kwa nini wengi hawaifanyi.

Besi, ngoma, na wengine

Besi ndiyo inayolipa zaidi ukiiseti vizuri. Nyuzi zake hazilingani, noti moja inanguruma, nyingine imekufa, na mpigaji akinogewa anachapa. Uwiano 4:1, ataki karibu milisekunde 30 ili ule mguso wa kidole upite, punguzo la desibeli 5 au 6. Lakini rilizi usiifupishe. Uzi mnene kabisa wa besi ukiachwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde, yaani wimbi moja linachukua kama milisekunde 24. Rilizi ya milisekunde 10 itajaribu kushuka na kupanda ndani ya wimbi lenyewe, na utasikia mkwaruzo ambao utautafuta kwenye waya, kwenye jeki, kwenye spika, usiuone. Kaa milisekunde 100 na kuendelea.

Kinanda cha umeme kiache. Sauti zake zimeshabanwa kiwandani. Dumbak na bongo, ataki ndefu kama ya besi, vinginevyo unachapa ngoma inatoka kadibodi. Ganuni na udi, 2:1 na mkono mwepesi, na kamwe usiziwekee geti, kifaa kinachofunga sauti ikishuka, kwa maana uzuri wa nyuzi zile uko kwenye mkia wa noti.

Kwaya ya watu 40 kwenye maiki 4 usiibane maiki kwa maiki. Soprano moja akipaza karibu na maiki ya kwanza, upande ule wote unazama. Zikusanye maiki zote kwenye kundi moja, weka 2:1 juu ya kundi, desibeli 3, basi.

Geti lililokula dua

Geti ni kinyume cha kompresa: kilicho chini ya kizingiti ndicho kinachofungiwa nje. Kwa ngoma na kwa maiki za akiba zilizolala mezani ni kitu kizuri. Kwa watu wanaozungumza nina historia nalo.

Ilikuwa harusi Temeke, na jenereta linanguruma nyuma ya ukuta. Nikaona nijifanye mjuzi, nikafunga geti kwenye maiki zote, kizingiti juu ya mngurumo, renji, yaani kiasi linachoshusha, desibeli 80: likifunga limefunga. Mshereheshaji alikuwa anapiga kelele kama kawaida yao, hakuna aliyegundua. Kisha akainuka sheikh kuomba dua. Mwanzo alisikika. Kadiri alivyoendelea sauti ikawa inateremka, kama dua inavyotakiwa, na geti likaanza kufunga na kufungua katikati ya maneno. Watu wakawa wanaitikia amina kwa kukisia. Baadaye mzee mmoja alinijia mezani, akaniambia bila hasira, "Kijana, maiki yako inachagua maneno."

Tangu siku ile, kwa msemaji yeyote siweki geti la kufunga moja kwa moja. Renji naiweka desibeli 8 hadi 10, ili hata likifunga maneno yabaki, ni kelele tu zinazorudi nyuma hatua moja. Muda wa kushikilia naupa milisekunde 200 au zaidi, rilizi ndefu zaidi ya hapo, na kizingiti nakiweka kwa kumsikiliza akinong'ona. Au naacha geti natumia ekspanda ya 2:1, ambayo ni mpole zaidi: sauti iliyo desibeli 5 chini ya kizingiti inatoka ikiwa 10 chini, wala haipotei. Na jenereta? Lisogezwe. Waya wa mita 30 ni dawa kuliko geti lolote.

Kithembe

Diesa ni kompresa inayosikiliza masafa ya juu tu, kilohezi 5 hadi 8 hivi, pale zinapokaa "s", "sh" na "z". Mtu akiimba "shoga yangu sisemi siri zako" kwenye spika kali, utajua ninachozungumzia. Iache ipunguze desibeli 3 mpaka 5 kwenye zile herufi peke yake. Ukizidisha, mwimbaji anapata kithembe asichozaliwa nacho, na ndugu zake wapo ukumbini wanamjua. Kabla ya diesa jaribu kwanza kuinamisha maiki kidogo, isitazamane na meno uso kwa uso. Mara nyingi hilo linatosha.

Kumpisha mshereheshaji

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote, na ndiyo iliyonipunguzia ugomvi. Mshereheshaji anaongea juu ya muziki, wewe unashusha muziki, ananyamaza, unaupandisha, anaanza tena. Kompresa inaweza kukufanyia. Iweke juu ya muziki, lakini kwenye saidi cheni, mlango wake wa kusikilizia, iambie isikilize maiki ya mshereheshaji. Muziki wenyewe hata ukipanda vipi hauishtui. Inashtushwa na yule bwana akifungua mdomo. Kizingiti kiwe chini kiasi cha kuisikia sauti yake ya kawaida, punguzo la desibeli 8 mpaka 10, ataki milisekunde 50 hivi, na rilizi sekunde nzima au zaidi, ili muziki usirukeruke kila akimeza mate. Redio hutumia mbinu hiyohiyo kwa watangazaji wao.

Ukirudi studio

Kwa kurekodi, kila kitu hapo juu kinasimama, isipokuwa woga wa mluzi. Jihadhari na programu zinazoiga mashine za kale. Kompresa ya 1176, aliyoitengeneza Bill Putnam mwaka 1967, vitufe vyake vya ataki na rilizi vimegeuzwa: ukizungusha kulia vinakuwa vya upesi zaidi. Na ataki yake ya polepole kuliko zote ni mikrosekunde 800, haifiki hata milisekunde 1. Kijana anayedhani ameiweka "polepole" bado yuko mbio. LA-2A, nayo kompresa ya kale, haina kabisa kitufe cha ataki wala rilizi. Unaongeza punguzo, unaongeza geini, mengine inajipangia yenyewe, na kwa sauti ya kike ya taratibu sijaona mfano wake.

Usiubane wimbo kwa ajili ya kushindana ukali. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, inasawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukali wa wimbo mzima). Uliyoubana hadi -8 utateremshwa desibeli 6, na utabaki na mbano wako bila ukali ulioutafuta. Kilele kisipite -1, imetosha.

Limita, mlinzi wa spika

Limita ni kompresa ya uwiano mkubwa, kuanzia 10:1 hadi ukuta kabisa, na ninaiweka mwisho, baada ya mikseri na kabla ya ampu. Si ya kunogesha. Ipo kwa ajili ya pesa yangu.

Kama spika zako zina ampu ndani, zina limita yake, na ile taa yake ikiwaka muda wote umeshazidisha. Kama ampu iko nje, fanya hesabu. Chukua wati za kudumu za spika, sio zile kubwa zilizoandikwa kwa kujisifu, zidisha kwa omu, tafuta kipeuo cha pili. Wati 400 kwa omu 8: 400 mara 8 ni 3,200, kipeuo chake ni volti 56 na kitu. Chomoa spika kwenye ampu. Cheza mlio mmoja wa hezi 100, kwa kuwa voltimita za bei yetu husoma sawasawa karibu na masafa ya umeme wa nyumbani, ukienda juu sana zinadanganya. Shika ncha za voltimita kwa plastiki yake, maana volti 56 zinatosha kukukumbusha. Pandisha feda taratibu, na teremsha kizingiti cha limita mpaka namba igome kupita 56 hata ukisukuma. Ikiwa taa ya klipu ya ampu, ile inayoonyesha imezidiwa, inawaka kabla ya hapo, basi kizingiti kikae chini ya taa hiyo. Zima ampu, rudisha spika.

Kisha ziba vile vitufe. Mimi nimefunga bamba la chuma mbele ya limita kwa skrubu nne, kwa sababu saa saba usiku, wakati nimeenda kunawa mikono, kuna shemeji atakayekuja mezani kutafuta mahali pa kuongeza. Feda ya muziki namwachia. Aisukume mpaka juu, afurahi.